Futari Ifuate Msimu wa Matunda



Katika Sura Al-An'aam, aya ya 141, Mwenyezi Mungu (s.w.) ametaja mitende, mizeituni, mikomamanga na mimea mingineyo, kisha akaamrisha watu wale matunda yake yanapozaa, watoe haki yake siku ya kuvuna, wala wasifanye israfu. Masheikh wetu wameisomesha sana amri ya kutoa, na wamefanya vyema. Amri ya kula tumeipita haraka mno.

Ibnul Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria (1350), ameeleza katika Zaadul Ma'ad kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akila matunda ya nchi yake yanapowadia wala hakujizuia nayo, naye akaihesabu desturi hiyo miongoni mwa sababu kubwa za kuhifadhi afya. Bukhari na Muslim wamepokea kuwa alikula tende mbivu pamoja na matango. Na kwa Abu Daud imo habari ya tikiti na tende mbivu, joto la kimoja likivunjwa na ubaridi wa kingine.

Sasa na tuitazame mikeka ya futari misikitini mwetu. Uji wenye sukari tele, kalimati, maandazi, soda, na ndoo ya juisi ya unga yenye rangi ambayo hakuna tunda lililoumbwa nayo!

Ramadhani hurudi nyuma kiasi cha siku 11 kila mwaka wa miladi, hivyo huzunguka misimu yote kwa muda wa miaka ipatayo 33. Kati ya mwaka 2012 na 2016 tulifunga katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, machungwa ya Muheza yakiwa yamejaa sokoni. Hivi sasa Ramadhani inarejea kwenye maembe ya pwani: mwaka 2028 itaanza mwishoni mwa Januari, na mwaka 2030 utakuwa na Ramadhani mbili, moja Januari na nyingine ikianza mwishoni mwa Desemba. Mwezi unazunguka, lakini ndoo ya juisi ni ile ile.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kila siku, na mfungaji ana saa chache tu za kuzipata. Embe bivu hulipatia mwili vitamini A. Chungwa lina vitamini C, ambayo huusaidia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo katika kunde, maharage na mchicha. Matembele yakiungwa kwa tui kidogo hufaa zaidi, kwani vitamini A huhitaji mafuta. (Wanaotia magadi kwenye mboga wajue kuwa magadi huharibu vitamini C.) Mgonjwa wa kisukari naye afuate kipimo cha daktari wake, maana hata tunda lina sukari.

Watakuwepo wa kutuambia kwamba sunna ni tende. Ni kweli, na tende ibaki mahali pake. Sisi twazungumzia kile kinachofuata. Hata hivyo, katika hadithi ya Anas iliyopokewa na Abu Daud na Tirmidhi, Mtume (s.a.w.) alifuturu kwa tende mbivu, akizikosa ndipo hula kavu, na akizikosa hizo hunywa maji. Iliyoiva msimu huo ilitangulia ile ya akiba.

Linalotuuma zaidi ni mfuko wa futari. Fedha hiyo ni sadaka ya Waislamu, nayo huishia dukani kwenye kreti za soda, ilhali ndugu aliyesimama nasi safu moja amekosa mnunuzi na mazao yake yanamwozea. Kamati za misikiti na kina mama wanaotupikia wakutane mapema mwezi wa Shaabani, waulize kitakachokuwa kimeiva, wakubaliane bei na wakulima wa jirani, na sahani ya kwanza iende kwenye mkeka wa watoto wa madrasa. Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira kwamba Mtume (s.a.w.) alipoletewa tunda la kwanza la msimu aliomba baraka, kisha akampa mtoto mdogo kuliko wote waliokuwepo.