Sensa Haina Ukweli Pasipo Siri

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 987,653 katika Kaunti ya Makueni. Je, wote walitajwa? Sheria ya Takwimu ya 2006 inamkataza karani kufichua habari za mtu. Lakini vijijini Kalamba, karani huwa kijana wa pale pale, aongozwaye na mzee wa kijiji. Mama aliyemficha mtoto mwenye ulemavu atamtajaje mbele ya majirani, ikiwa hajaambiwa kwa Kikamba kwamba karani ameapa kutunza siri? Na mtoto asipohesabiwa, nani atamtengea darasa? Nionavyo mimi, karani atoke kijiji kingine, ila awe msemaji wa Kikamba. Nao walimu waifafanue sheria hiyo kabla ya sensa ijayo. Aaminiye kuwa siri yake italindwa ndiye atakayesema kweli.