Kompyuta Kuukuu Ina Kosa Gani?

Tangu Microsoft iache kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, wauzaji wa kompyuta wana wimbo mmoja: mashine isiyopokea Windows 11 imekwisha, nunua mpya. Hoja zao mmezisikia. Amueni nyinyi.

Ya kwanza ndiyo nzito: mfumo usiopata viraka vya usalama ni mlango usio na komeo. Hilo silipingi. Lakini tazameni walivyoruka kutoka "badilisha mfumo" hadi "badilisha mashine". Linux Mint, mfumo mwingine, inakaa kwenye kompyuta ileile, inapata viraka, na haidai hata senti. Microsoft yenyewe iliahidi viraka vya Windows 10 hadi Oktoba 2026 kwa watumiaji wa nyumbani watakaojiandikisha. Kama mashine hizo zimekwisha, viraka hivyo anawekewa nani?

Ya pili: prosesa za zamani zimeachwa kwa sababu za usalama tu. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, kizazi cha 8 kwenda juu. Basi nielezwe habari za Core i7-7820HQ. Ni ya kizazi cha 7, kizazi kilichofungiwa nje, lakini mwaka 2021 iliingizwa kwenye orodha ya prosesa zinazokubaliwa. Ilikuwa wapi prosesa hiyo? Ndani ya Surface Studio 2, mashine ya Microsoft. Wenzake wengi wa kizazi hichohicho, wakiwamo waliokuwa na TPM 2.0, wakabaki nje. Kampuni ilijitetea kwa kutaja aina mpya ya draiva. Sawa, ila draiva ni programu, huandikwa upya. Kwa utetezi huo wameondoka wenyewe kwenye hoja kwamba kasoro iko kwenye chuma.

Ya tatu, mashine kuukuu ni nzito. Mara nyingi kinachoburuta ni diski ya kuzunguka. ThinkPad X220 yangu ya mwaka 2011 niliitoa diski hiyo, nikaweka SSD na RAM ya GB 8. Barua, hesabu na intaneti vinakwenda bila kunikera. Muuzaji hulinganisha mashine mpya yenye SSD na kuukuu yenye diski ya kuzunguka, kisha sifa anaipa prosesa! Kwa kuhariri video kubwa au michezo mipya, ana haki, na simzuii mtu kununua.

Umeme? Pentium 4 ya mezani inayowashwa kutwa, nakubali, ni mlaji. Prosesa ya X220 yangu imepangiwa wati 35.

Linabaki shtaka la mwisho, kwamba sisi wenye kompyuta kuukuu tumeshikwa na mapenzi ya vitu vya kale. Nakiri kosa. Kibodi ya X220 ina safu saba za vitufe, na X230 iliyofuata ikapunguziwa moja. Betri naichomoa bila bisibisi. Naona raha. Ila nimesoma matangazo ya hao wanaonishtaki, na karibu kila laptopu mpya inasifiwa kwa raha ya kuishika na kuiandikia. Kwao raha ni sababu ya kunitaka nitoe pesa, lakini si sababu ya kuniachia kompyuta niliyokwisha kuilipia.