Mtini Mmoja Uani Unatosha

Ndugu wakulima, hapa Mkunya nimeulizwa mara kadhaa kama mtini unafaa kupandwa. Tini tunaisoma kwenye Kurani na Biblia, lakini wengi wetu hatujaionja. Maoni yangu ni haya: panda mmoja uani kwa ajili ya familia, wala usikate hata mkorosho mmoja kwa sababu yake.

Aina ninayoipendekeza ni Brown Turkey. Tunda lake ni tamu, na huzaa bila kuchavushwa. Mkuyu wetu ni ndugu yake. Ukipasua kuyu unakuta vidudu ndani. Hao ni nyigu wadogo wanaochavusha. Zipo tini, kama Smyrna, ambazo bila nyigu wao hupukutisha matunda machanga. Brown Turkey haina shida hiyo.

Usipande mbegu, maana mche wake haufuati mama na huenda usizae tunda la kulika. Chukua kipande cha tawi lililokomaa, unene wa penseli, urefu wa sentimita 20 hadi 30, ukioteshe kwenye kiriba. Mvua zikianza, hamishia kwenye shimo la sentimita 60 kila upande lenye samadi iliyooza. Udongo wetu wa kichanga hautuamishi maji, na mtini hupenda hivyo. Ila minyoo fundo nao wanaupenda, kwa hiyo usipande palipokuwa na nyanya au bamia, na weka matandazo ya kutosha.

Tunajua bei ya ndoo ya maji hapa juu wakati wa kiangazi. Mtini ukishashika huvumilia ukame, lakini mwaka wa kwanza unahitaji maji. Upande karibu na unapooshea vyombo, maji yale yale yafanye kazi mara mbili.

Sasa nyie wafanyabiashara. Korosho hukaa ghalani ikisubiri mnada, tini haisubiri. Ikichumwa mbichi haiivi tena, na ikiiva haimalizi siku tatu bila jokofu. Anayekuuzia miche mia kwa ahadi ya soko, mwulize mnunuzi ni nani na mzigo utamfikiaje. Akikosa jibu, hela yako baki nayo.

Anza na mti mmoja. Watoto wale, zitakazozidi kausha juani, na majirani wapewe vipande vya matawi bure. Mti ukikuthibitishia, hapo ndipo tuzungumze habari ya wa pili.