Baraza ya Maulizo: Eropleni Iliyonunuliwa Ng'ambo

Mwezi huu twaleta ulizo moja tu, maana jibu lake ni refu. Mwalimu wa upande wa Dodoma atuandikia kwamba halmashauri yao, baada ya kukusanya fedha kidogo kidogo kwa miaka mingi, imepata eropleni ya injini moja, Cessna 206 iliyokwisha kutumika, huko Kansas katika Marekani. Wataka kuichukulia wagonjwa. Muuzaji ataka apelekewe fedha zote kabla ya mwezi kwisha, naye aahidi kufanya shauri la kuileta. Mwalimu auliza: Je, tupeleke? Tena ije kwa meli, au iruke yenyewe?

Kwa ulizo la kwanza, jibu ni hili: Msipeleke. Hatumshitaki muuzaji, huenda ni mtu mwema. Lakini katika Marekani daftari ya eropleni zote hutunzwa Oklahoma City, na humo huandikwa mwenye mali pamoja na madeni yaliyowekwa juu yake. Mtafuteni mtu wa kuwasomea daftari hiyo. Mtafuteni na fundi mnayemchagua ninyi, asiyelipwa na muuzaji, aikague eropleni na kusoma vitabu vya matengenezo yake tangu mwanzo. Fedha na ziwekwe kwa mtu wa kati, naye asizitoe mpaka hati zote zimetiwa sahihi. Ziko ofisi zifanyazo kazi hiyo.

Tena mwulizeni muuzaji: Eropleni itakuwa mali yetu mahali gani? Kansas, au Dodoma? Neno hili ni kubwa kuliko bei yenyewe. Ikizama katikati ya bahari, ataumia yule aliyekuwa mwenye mali saa ile. Basi mahali paandikwe katika mapatano, na hati ya bima itaje safari hiyo, njia yake, na jina la rubani. Bima ya kawaida isiyotaja safari ya namna hii msiitegemee.

Liko na jambo la alama. Kwa mapatano yaliyofanywa Chicago mwaka 1944, eropleni haiwezi kuandikishwa katika nchi mbili kwa wakati mmoja. Alama ya Marekani ni N, ya Kenya 5Y, ya Tanzania 5H. Chama cha Kitanzania hakiwezi kushika alama ya N kwa jina lake chenyewe. Nayo N ikifutwa kabla 5H haijawa tayari, eropleni haina kwao, wala haina ruhusa ya kuruka. Kwa hiyo ama ije kwa jina la muuzaji na N yake mpaka ifike, ama 5H iwe tayari kabla haijaondoka. Nendeni kwanza kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, mkaulize aina hii yakubaliwa kwa masharti gani na hati zipi zatakiwa, hasa hati ya Marekani ishuhudiayo kwamba chombo kinafaa kuruka na kuuzwa nje. Habari za kodi waulizeni watu wa forodha wakati huohuo, wala msingoje chombo kifike.

Sasa njia. Kuleta eropleni kwa meli si jambo jipya kwetu. Mwaka 1925 eropleni ndogo ya de Havilland, namna ya DH.51, ililetwa Mombasa kwa meli kutoka Uingereza kwa ajili ya John Carberry, ikaunganishwa na kurushwa Kenya. Iliitwa Miss Kenya, nayo ndiyo ya kwanza kuandikishwa katika nchi ile. Mwaka 1965 ilirudishwa Uingereza ndani ya tumbo la ndege kubwa ya jeshi, nayo imehifadhiwa Old Warden. Kazi ya leo ni ileile: mabawa hufunguliwa, chombo chote hutiwa katika kontena la futi 40, na likifika Dar es Salaam au Mombasa fundi mwenye cheti huyarudisha mabawa, huzikaza nyaya, na kuijaribu angani. Hatari ya baharini ni ndogo. Hatari iko mikononi mwa wafunguaji na wafungaji, na katika siku nyingi za kungoja bandarini penye hewa ya chumvi.

Kuirusha ni shauri jingine. Kutoka St. John's, Newfoundland, mpaka kisiwa cha Santa Maria katika Azores ni zaidi ya kilomita 2,500 za maji matupu. Cessna 206 yaenda kama kilomita 250 kwa saa. Basi hesabuni saa kumi. Matangi yake huchukua lita 330 hivi, nayo yala karibu lita 57 kwa saa, yaani mafuta huisha kabla ya saa ya sita. Kwa hiyo viti hutolewa, na tangi la ziada hufungwa humo ndani, nyuma ya rubani. Eropleni hupita uzito wake wa halali, hata serikali itoe ruhusa maalumu ya safari hiyo. Huongezwa redio ya masafa marefu, mashua ya mpira, na vazi la kuzuia baridi ya maji. Iko njia ya kaskazini, kutoka Goose Bay mpaka Narsarsuaq katika Greenland, kilomita 1,250 hivi, kisha Iceland. Mapande yake ni mafupi, lakini barafu hushika mabawa.

Wengi hudhani ya kuwa ikivuka Atlantiki kazi imekwisha. Sivyo. Kila nchi yataka ruhusa ya kupita juu yake. Njia ya zamani ya kufuata Nile kupitia Khartoum iliharibika vita vilipozuka Sudan Aprili 2023. Tena injini hii hunywa petroli ya ndege, si mafuta ya taa yatumiwayo na ndege kubwa, nayo petroli hiyo haipatikani kila kiwanja cha Afrika. Lazima iagizwe mbele, hata kwa mapipa. Rubani akitiliwa mafuta yasiyo yake, injini yaweza kumfia mara baada ya kuruka.

Mwalimu aongeza kwamba yuko kijana wa kwao, rubani wa mwaka mmoja, aliyejitolea kwenda kuichukua bure. Twamheshimu kijana huyo, lakini msimpeleke. Bahari ile yahitaji mtu aliyekwisha kuivuka mara nyingi, naye hulipwa. Fedha zikiwa hazitoshi kumlipa, itieni katika kontena, na kijana aende Kansas kusimama karibu na mafundi wakati wa kuyafungua mabawa, apige picha ya kila kiungo na kuandika kila parafujo katika daftari yake.