Ndege haina dakika za nyongeza

Umekata tiketi kuifuata timu yako Casablanca, unaunganisha ndege Doha, una saa nane za kusubiri. Unawaza: nichomoke nikauone Uwanja wa Lusail, Messi alikobeba Kombe la Dunia 2022? Treni ya umeme inaanzia hapo hapo uwanja wa ndege.

Mimi nasema nenda, ila piga hesabu kwanza. Viza unayo? Toa muda wa foleni za uhamiaji, ukaguzi, na saa mbili kabla ya kuruka. Zikibaki chini ya tatu, tulia ndani ulale. Mlango wa ndege ukifungwa, hakuna VAR. Lusail haihami, mechi ikikupita, utahadithiwa kama sisi tuliobaki nyumbani.