Namba ya Dharura Iandikwe Mara Moja, Isomwe Kila Mahali

Katika Mkoa wa Katavi uzito wa dharura hupimwa kwa kilomita. Mjamzito anayetokwa na damu kule Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, yuko zaidi ya kilomita 100 kutoka Mpanda mjini. Wengi wa akina mama hao bado ni wadogo. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2015/16 ulionesha kuwa asilimia 45 ya wasichana wa Katavi wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa na mimba, kiwango kilichokuwa cha juu kuliko mikoa yote nchini. Katika utafiti wa mwaka 2022 kiwango hicho kilishuka hadi asilimia 34, lakini wastani wa kitaifa ulikuwa 22.

Kwa mama wa namna hiyo, namba tatu huweza kuamua hatima yake: 115. Hiyo ndiyo namba ya bure ya mpango wa m-mama, ambao mtoa huduma wake hupokea simu na kutafuta gari la wagonjwa au dereva wa jamii aliyesajiliwa. Ipo pia namba 199 ya Wizara ya Afya, inayopokea maswali ya wananchi na taarifa za magonjwa ya mlipuko. Swali langu kwa wahudumu wenzangu wa afya, na kwa wagonjwa na ndugu zao wanaotusoma, ni hili: je, namba hizi zinaonekana katika kila ukurasa wa kila tovuti ya huduma za afya, kwa maneno yaleyale?

Wapo watakaosema kwamba mama wa kijijini hafungui tovuti. Ni kweli kwa wengi. Hata hivyo, mumewe, mdogo wake aliyeko sekondari, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na muuguzi wa zahanati wana simu, na wanapotafuta jambo hawaanzii ukurasa wa mwanzo. Huangukia ukurasa wowote ulioletwa na utafutaji: ratiba ya kliniki, tangazo la zabuni, habari ya mwaka juzi. Kwa hiyo onyo lililowekwa katika ukurasa wa mwanzo peke yake ni sawa na tangazo lililobandikwa katika mlango usiopitiwa na mtu.

Tatizo letu ni kunakili. Kila taasisi huandika upya namba, dalili za hatari na saa za huduma, kisha huzirudia ukurasa baada ya ukurasa. Namba ikibadilika, ukurasa mmoja hurekebishwa na kumi husahaulika. Sisi madaktari tunajua madhara ya miongozo miwili ya dozi katika wodi moja. Hatuna sababu ya kuyavumilia katika tovuti.

Dawa yake inajulikana na mafundi wa tovuti kwa miaka mingi: kipande cha ukurasa kinachoandikwa mara moja na kutumika kila mahali. Kikirekebishwa katika chanzo, kurasa zote hubadilika. Mifumo ya kuendesha tovuti, kama vile WordPress, Drupal na Joomla, ina njia zake za kufanya hivyo, lakini kipande kilichotengenezwa ndani ya mfumo mmoja hakivuki kwenda katika mwingine. Hapo ndipo hospitali ya serikali, hospitali ya dini, chuo cha uuguzi na shirika la hiari hutengana, ingawa humhudumia mgonjwa yuleyule.

Serikali imeshapiga hatua. Mwaka 2017 zilizinduliwa tovuti za mikoa 26 na halmashauri 185, zilizojengwa juu ya muundo mmoja ulioandaliwa na Wakala ya Serikali Mtandao, ambayo leo ni Mamlaka. Hilo ni jambo la kupongezwa. Lakini afya haiishii katika tovuti za serikali, wala hatuwezi kuilazimisha kila taasisi ihamie mfumo mmoja. Kinachowezekana ni kukubaliana juu ya kipande chenyewe, mfumo wa tovuti ukabaki hiari ya mwenye nayo.

Mfano tunao katika kazi yetu ya kila siku. Zahanati ya kijijini na hospitali ya rufaa ya mkoa hazifanani kwa majengo wala kwa watumishi, lakini zote hujaza vitabu vya MTUHA vyenye safu zilezile. Vilevile, chanzo kimoja kinaweza kutoa ujumbe, na seva ya kila taasisi ikauchukua na kuuunganisha na ukurasa kabla ya kumfikia msomaji. Njia hii haijali tovuti imejengwa kwa mfumo gani, na haiongezi mzigo kwa simu ndogo yenye mtandao hafifu. Nchini Marekani, kituo cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilifanya jambo la jinsi hii wakati wa homa ya mafua ya H1N1 mwaka 2009, kwa kutoa vipande ambavyo taasisi nyingine ziliweza kuviweka katika kurasa zao. Kwetu, virusi vya Marburg vilipotangazwa Kagera mwezi Machi 2023, na tena Januari 2025, uhitaji wa ujumbe mmoja unaowafikia watu wote kwa haraka ulikuwa dhahiri.

Hata hivyo, chanzo kimoja kikichafuliwa, wote hunywa maji machafu. Mwezi Februari 2018 programu iitwayo Browsealoud, iliyosaidia watu kusomewa kurasa kwa sauti, iliingiliwa na wahalifu. Tovuti zaidi ya 4,000 zilizokuwa zimeiweka, zikiwemo za serikali na za huduma za afya nchini Uingereza, zikageuka kutumia kompyuta za wasomaji kuchimba sarafu za kidijitali. Somo lake kwetu ni kuchagua kwa uangalifu kinachosambazwa: kiwe maandishi matupu, kisiwe programu inayojiendesha. Tena kila seva itunze nakala ya mwisho iliyo salama, ili chanzo kikizimika, namba 115 isitoweke.

Ipo pia siri ya mgonjwa. Kipande kinachotoka kwa kampuni ya nje kinaweza kumrekodi kila anayefungua ukurasa wa VVU au wa uzazi wa mpango. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Tovuti za afya ziwe za kwanza kuitii.

Napendekeza basi kwamba Wizara ya Afya iwe mwenye chanzo, na ujumbe uwe na mambo manne tu: namba za dharura zinazopigika kwa kubonyezwa, dalili za hatari kwa mjamzito na mtoto mchanga, tangazo la mlipuko likiwapo, na tarehe ya marekebisho ya mwisho. Kila taasisi imteue mtumishi mmoja wa kuhakiki, mara moja kwa mwezi, kwamba kipande kinaonekana katika simu ya bei nafuu. Hili halihitaji jengo wala gari jipya. Linahitaji makubaliano, na siku chache za kazi ya fundi.

Nawe msomaji, ukikuta tovuti ya kituo chako haina namba hizi, mwulize mganga mfawidhi. Una haki ya kuuliza.