Shairi Si Wimbo wa Kumpokea Mgeni Rasmi

Nathubutu kusema, na najua wapo walimu wenzangu watakaonuna, kwamba ushairi wa kale haufundishwi kusemwa katika shule na vyuo vyetu. Hufundishwa kuhesabiwa. Mwanachuo wa ualimu atakuambia bila kusita kuwa mshororo wa shairi una mizani 16, nane za ukwapi na nane za utao, na kwamba mshororo wa utenzi una nane. Sasa mwambie asimame aseme beti tatu kama mtu anayemwambia mtu jambo. Utasikia mahadhi yale yale aliyoyabeba tangu darasa la tatu: sauti inapanda katikati, inashuka mwishoni, na maana imebaki kitabuni.

Wanaoyatetea mahadhi hayo husema ndiyo asili yetu, kwamba tungo za Waswahili zilitungwa ziimbwe. Sina ugomvi na kuimba. Lakini mwimbaji wa kweli anajua anamwimbia nani, na anataka nini kwake.

Tazama Utenzi wa Fumo Liyongo, alioutunga Muhammad Kijumwa mwaka 1913. Liyongo yumo gerezani. Kila chakula kizuri anacholetewa na kijakazi wa mama yake huliwa na askari, yeye hubakiziwa makombo. Anatunga wimbo wa kumpelekea mama: aoke mkate wa wishwa, na ndani yake afiche tupa. Askari wataudharau mkate wa wishwa, naye atapata cha kukatia minyororo. Basi anayeigiza mahali hapo ana kazi ngumu sana. Kijakazi lazima ashike kila neno, na askari wasimame pale pale wakidhani ni mfungwa anajiliwaza. Ukiisoma sehemu hiyo kwa mahadhi ya kasuku, umemuua Liyongo kabla ya wakati wake.

Nilipokuwa mkuu wa chuo hapa Kilosa niliifundisha hivyo. Wanne darasani: mfungwa, kijakazi, askari wawili. Askari waliruhusiwa kumkatiza mfungwa wakimshuku. Hapo ndipo vijana waligundua wenyewe kwa nini mshairi alikata kipande mahali fulani. Pumzi iliwafundisha kuliko ubao.

Wapo watakaosema mambo ya kuigiza beti ni ya Waingereza. Mwalimu Nyerere hakuona hivyo. Mwaka 1963, akiwa Rais, alichapisha Juliasi Kaizari, na mwaka 1969 akaitoa tena ikiwa imesahihishwa, pamoja na Mabepari wa Venisi. Katika mchezo wa Kaizari, Shakespeare alimpa Brutus hotuba ya mazishi kwa lugha ya nathari, akampa Antony lugha ya ushairi, na umati ukamfuata Antony. Nimeona mitihani mingi ikiuliza sifa za wahusika hao wawili. Sijaona hata mmoja uliomtaka mwanafunzi asimame aupindue umati.

Lakini ninacholalamikia hasa kiko karibu zaidi na nyumbani, nacho ni ngonjera. Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, aliieneza baada ya Azimio la Arusha la 1967. Ni majibizano kwa beti: mmoja hajui au hakubali, mwingine anajua, mwisho wanapatana. Sisi tumeigeuza kuwa salamu za mahafali. Asiyekubali anapewa beti mbili za kipumbavu ili ashindwe upesi, maana mgeni rasmi ana safari.

Nilialikwa kwenye sherehe moja ya shule upande wa Mikumi. Ngonjera ilikuwa ya mkulima na mfugaji. Mfugaji alivikwa shuka jekundu, akapewa Kiswahili kibovu na beti mbili. Mkulima alikuwa na nane. Watu wakacheka. Nyuma walisimama wazazi wa Kimasai waliokuja kuwaona watoto wao, nao hawakucheka. Na hii ni wilaya ambayo Desemba 2000, huko Rudewa Mbuyuni, watu zaidi ya 30 waliuawa kwa ugomvi huo huo wa malisho na mashamba!

Aliyeandika ngonjera ile ni mwalimu aliyepita vyuoni mwetu. Alijua vina vyote. Hakufundishwa kamwe kusema beti za mtu asiyekubaliana naye, na kuzisema kana kwamba mifugo inayokufa kwa kiu ni yake.

Msiniambie hakuna muda. Kipindi cha dakika 40 kinatosha beti nne: mbili za huyu, mbili za yule, kisha wabadilishane. Mtoto wa mkulima avae shuka, na mtoto wa mfugaji ashike jembe. Na mgeni rasmi, kama ana haraka, atangulie.